Prado 150 na hema la juu: keria nzima au fito mbili?

Mleta uzi: Wakuu, salaam. Gari ni Prado 150 yenye reli za kiwandani juu ya paa. Hema ni la kukunjua, la watu wawili, kilo 62. Njia ni Mto wa Mbu hadi Ziwa Natron. Fundi anataka kuchomelea keria ya chuma ya paa zima, wengine wanasema fito mbili za alumini, za kukatiza paa toka reli hadi reli, zinatosha. Je, paa litahimili watu wawili wakilala?

Mjumbe 1: Usiku usikutishe, mkuu. Kiwango cha mzigo wa paa kwenye kitabu cha gari ni cha gari likitembea, maana likitumbukia shimoni mzigo hulipiga paa kwa nguvu kuliko uzito wake halisi. Likisimama, paa hilohilo hubeba mara kadhaa ya hapo. Hesabu ya mwendoni ndiyo ngumu: kitabu kikisema kilo 80, toa 62, zinabaki 18. Keria ya chuma ya paa zima yaweza kufika kilo 40. Fito mbili na miguu yake ni kama kilo 11.

Mjumbe 2: Naongeza: weka fito tatu. Pamoja na hema utafika kilo 78 hivi, lakini sakafu ya hema haitanesa na reli zitagawana mzigo. Ya kwanza na ya mwisho ziachane sentimita 80 hadi 100, kisha vuta uzi juu yake kuona kama zote ziko sawa. Ufito wa kati ukizidi kimo hata milimita 3, hema litabembea juu yake na bolti zitalegea. Tumia bolti za milimita 8 zisizoshika kutu, washa pana na nati zenye nailoni. Paka grisi, kaza kwa mkono. Ukikaza kwa mashine, nati hung'ang'ania hadi bolti ikatike. Chuma kinapogusana na alumini weka mpira katikati, vumbi la magadi la Natron halina huruma. Kaza tena baada ya kilomita 50, halafu kila asubuhi.

Mleta uzi: Na dumu la maji?

Mjumbe 1: Lita 20 ni kilo 20, liende ndani, chini kabisa. Halafu ngazi: nusu ya hema inayoning'inia nje ya gari inaegemea ngazi hiyo. Mguu wake usiachwe hewani, utapinda bawaba za hema.