Mliowahi kufungua mashine ya kuchana mbao nyumbani, tupeane uzoefu

Randa Butu: Wakuu, salama? Mashine yangu ya meza, umeme wa njia moja, tangu juzi nikiwasha inaunguruma tu, msumeno hauzunguki. Fundi wa mtaani kasema mota imeungua, isukwe waya upya, anataka laki na nusu. Yamewahi kuwakuta?

Mtoto wa Msasa: Yangu ilikuwa hivyohivyo. Ikajaa unga wa mbao hadi ndani ya swichi. Nilipuliza, ikapona.

Mzee wa Mninga: Swichi ikijaa unga mashine inakuwa kimya, haiungurumi. Randa Butu, usimpe mtu hata mia. Mota iliyoungua utaijua kwa harufu. Inayounguruma bila kuondoka, anza na kapasita, kile kikopo cha ubavuni. Chomoa plagi, toa mkanda, rudisha plagi, kisha washa usukume puli kwa kijiti, kidole kikae mbali. Ikishika kasi, mara nyingi mota ni nzima, kapasita ndiyo imekufa. Ukinunua nyingine soma namba: maikrofaradi zilezile, volti zisipungue. Na usiishike miguu kwa mkono mtupu, inatunza umeme hata plagi ikiwa nje. Mimi ilinitupa hadi kwenye rundo la maranda.

Spana Kumi: Maneno mengi. Geuza waya mbili kwenye plagi, itaondoka.

Mzee wa Mninga: Hiyo ni kwa mota ya umeme wa njia tatu, kijana, na hata huko unageuza mwelekeo tu. Njia moja ukigeuza za plagi hakibadiliki kitu.

Spana Kumi: Mzee, mimi nimefanya kwa mikono yangu.

Mzee wa Mninga: Na ikaondoka?

Mama Vigoda: Ngojeni. Mmenikumbusha siku yangu. Umeme ulikatika asubuhi katikati ya kazi. Nikaona nibadili msumeno, maana ule wa zamani ulishashika utomvu wa paini, ukawa unachoma mbao badala ya kukata. Nikatoa kisahani cha mezani, nikaingiza spana kwenye nati. Swichi niliiacha kama ilivyokuwa umeme unakatika. Nikasikia watoto wa jirani, "Umeruuudi!" Spana ikanitoka mkononi, ikapiga bati juu, ikatoboa. Kidole cha shahada nyuzi saba, kucha hadi leo inaota upande. Mvua ikinyesha naweka ndoo palepale.

Mtoto wa Msasa: Hiyo "umeruuudi" imenisisimua mwili.

Spana Kumi: Pole sana dada. Ila bati si uzibe?

Mama Vigoda: Sizibi. Kijana mpya akija karakana namwonyesha tundu kwanza, mashine baadaye.

Kipimapembe: Fungeni swichi ya sumaku. Umeme ukikatika inajizima, ukirudi mashine haiondoki mpaka ubonyeze tena.

Mtoto wa Msasa: Mimi plagi naikalia.

Kipimapembe: Utaikalia siku ikiwa ukutani.

Mzee wa Mninga: Mleta mada yuko wapi? Au kapasita imeshamtupa?

Randa Butu: Nipo mzee. Nimetoa mkanda, nikasukuma puli kwa kijiti cha ufagio, ikaondoka kama feni! Kikopo kimevimba tumbo, kimeandikwa 25. Dukani wana 20 na 30 tu. Nichukue ipi?

Spana Kumi: 30, nguvu zaidi.

Mzee wa Mninga: Tafuta duka jingine.