Fedha za umma za utafiti wa usingizi zianzie wapi?

Mjumbe_Mpya aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimeteuliwa katika kamati ndogo itakayopendekeza ni maswali yapi ya afya ya usingizi yafanyiwe utafiti kwa fedha za umma katika miaka michache ijayo. Mimi ni mtu wa takwimu, si tabibu. Mezani tuna maombi mengi kuliko fungu lililopo: kukatika kwa pumzi usingizini, kukosa usingizi kwa muda mrefu, narkolepsia (ugonjwa wa kuzidiwa na usingizi mchana), afya ya wanaofanya kazi zamu za usiku, usingizi wa vijana waliobalehe. (Malale hayamo, ingawa mjumbe mmoja alikuja amejiandaa kuyajadili.)

Fomu tuliyopewa inatutaka tupange maombi kwa idadi ya waathirika, na hapo ndipo ninapokwama. Chukueni makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Respiratory Medicine, kwamba watu milioni 936 duniani wenye umri wa miaka 30 hadi 69 hukatika pumzi usingizini kwa sababu ya kuzibwa njia ya hewa. Hesabu hiyo inamjumuisha kila ambaye pumzi yake hukatika au kupungua angalau mara 5 kwa saa. Ukianzia mara 15, ambapo ugonjwa huhesabiwa kuwa wa wastani au mkali, wanabaki milioni 425. Nimesogeza mstari tu, na zaidi ya nusu bilioni ya watu wamepona bila dawa. Je, kigezo kinachoyumba hivyo kinafaa kuwa mizani ya kugawia fedha? Kama hakifai, ninyi mngepima kwa nini?

Zamu_ya_Usiku alijibu:

Ndugu Mjumbe, ninahudumia wagonjwa wa usingizi, na ningeuliza swali moja kwa kila ombi: kama serikali haitalipia utafiti huu, kuna mwingine atakayeulipia? Dawa mpya ya usingizi itapata mfadhili, kwa kuwa mwenye hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi, anatarajia faida. Tiba ya kuzungumza na kubadili mazoea ya kulala haina hataza wala mwenyewe. Mwaka 2016 Chuo cha Matabibu cha Marekani kilipendekeza kwamba hiyo ndiyo iwe tiba ya kwanza kwa watu wazima wenye tatizo sugu la kukosa usingizi, lakini wagonjwa wengi ninaowapokea wameshapewa vidonge kabla ya kuisikia, kwa sababu kuandika dawa kunachukua dakika mbili na tiba yenyewe inahitaji vikao kadhaa na mtu aliyefunzwa. Namna ya kuifikisha kwa watu wengi bila kuipunguzia nguvu ni swali la utafiti kamili, na ni la aina ambayo soko halina haraka nayo.

Mfano wa pili ni mashine ya kusukuma hewa puani, iliyobuniwa na Colin Sullivan na wenzake huko Sydney mwaka 1981. Inazuia pumzi kukatika, hilo halina ubishi. Lakini jaribio kubwa la SAVE, lililochapishwa mwaka 2016 na kuhusisha watu 2,717 waliokuwa tayari na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, halikuonyesha kwamba mashine inapunguza mashambulizi ya moyo na viharusi. Washiriki waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 kwa usiku. Je, mashine haiukingi moyo, au mashine iliyowekwa kando usiku wa manane ndiyo isiyoukinga? Ningependa fedha za umma zitafute kwa nini watu wanaivua.

Jambo la mwisho, nisije nikalisahau: vipimo vingi vya nyumbani hutegemea kifaa cha kidoleni kinachokadiria oksijeni katika damu. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa Weusi kifaa hicho hukosa kugundua upungufu wa oksijeni mara nyingi zaidi kuliko kwa wagonjwa Weupe. Ukipanga vipaumbele kwa idadi iliyotoka kwenye kifaa cha namna hiyo, kuna watu ambao hawakuhesabiwa kabisa.

Macho_Mazito alijibu:

Nimesoma kwa makini, na ninaomba kusema kwa niaba ya sisi tulio wachache. Nina narkolepsia. Inakadiriwa kumpata takriban mtu 1 katika kila 2,000, kwa hiyo katika fomu ya Ndugu Mjumbe sisi tutakuwa mkiani daima. Shuleni niliitwa mvivu. Nilipokuwa nikicheka magoti yalilegea nikaanguka, na watu wakadhani ninaigiza. Ilipita miaka minane kabla ya mtu kuniuliza maswali yaliyostahili.

Lakini siombi huruma. Katika Chuo Kikuu cha Stanford walitunza kwa miaka mingi mbwa waliokuwa na ugonjwa huu, na bila shaka kuna waliojiuliza mbwa wanaosinzia wana faida gani kwa mlipakodi. Mwaka 1998 vikundi viwili tofauti vya watafiti vilitangaza kemikali ya ubongo inayoitwa oreksini au hipokretini. Mwaka uliofuata ikagundulika kwamba mbwa wale walikuwa na hitilafu katika jeni ya kipokezi chake, na mwaka 2000 ikaonekana kwamba binadamu wenye narkolepsia wamepoteza seli zinazoitengeneza. Kumbe ndiyo inayotushikilia tuwe macho. Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza inayozuia kemikali hiyo, na haikuwa kwa ajili yetu: ilikuwa kwa wanaokosa usingizi, ambao ni mamilioni. Ugonjwa wa wachache ulifungua mlango wa ugonjwa wa wengi, na hakuna safu ya fomu ambayo ingelitabiri hilo.

Mratibu_Utafiti alijibu:

Nakubaliana na waliotangulia, isipokuwa nina sahihisho moja kwa Zamu_ya_Usiku. Jaribio la SAVE liliwaacha nje watu wenye usingizi mzito mno wa mchana, kwa kuwa haikuwa haki kuwanyima tiba, na pia waliopungukiwa sana na oksijeni. Hao huenda ndio wangefaidika zaidi. Kwa hiyo swali lililobaki ni pana kuliko la watu kuivua mashine.

Kwa Ndugu Mjumbe, ningeangalia kwanza swali hili ni la nani. Usingizi umeteseka kwa kukosa mwenyewe. Katika toleo la 10 la uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, matatizo yake yaligawanywa, mengine yakawekwa chini ya magonjwa ya akili na mengine chini ya mfumo wa fahamu. Toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022, ndilo lililoyakusanya katika sura moja ya peke yake. Marekani tume ya kitaifa ya utafiti wa matatizo ya usingizi, iliyoongozwa na mtafiti William Dement, ilitoa taarifa yake mwaka 1993, na mwaka huohuo sheria ikaanzisha kituo cha taifa cha utafiti wa matatizo ya usingizi, ndani ya taasisi inayoshughulikia moyo, mapafu na damu. Kazi yake kubwa imekuwa kuratibu: kuzikumbusha taasisi nyingine kwamba usingizi unazihusu, na kuandaa mipango ya utafiti, wa karibuni ukiwa wa mwaka 2021.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua ugonjwa, pendekezeni kwamba tafiti kubwa za muda mrefu ambazo tayari zinalipiwa, za moyo, za kisukari, za afya ya akili, ziongezewe kipimo cha usingizi. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kuanza utafiti mpya. Ila kiwe kipimo, si dodoso peke yake. Jaribio lililochapishwa mwaka 2003 liliwalaza watu saa 6 tu kwa usiku kwa siku 14. Uwezo wao wa kuwa makini ulishuka kama wa mtu aliyekesha, huku wenyewe wakijiona wamechoka kidogo tu.

Mjumbe_Mpya alijibu:

Ninawashukuru. Nitapendekeza tufute safu ya idadi ya waathirika na badala yake tuandike: nani mwingine angelipia? Aidha nitaomba sehemu ya fungu, hata ikiwa ndogo, itengwe kwa magonjwa adimu bila kushindanishwa na mengine. Ndugu Macho_Mazito, je, ungekuwa tayari kuipitia rasimu kabla haijawasilishwa?

Macho_Mazito alijibu:

Nitaipitia. Itume asubuhi, tafadhali.

Zamu_ya_Usiku alijibu:

Safu ya idadi usiifute, Ndugu Mjumbe. Ihamishie mwisho wa fomu, pamoja na maelezo kwamba mstari ulikatwa wapi. Watu wa hazina wataitafuta, na wasipoiona watairudisha fomu nzima.