Gari la fowili (linalovuta kwa magurudumu yote manne) hupanda mlima mkali kiasi gani? Tupeane uzoefu

Wa Kiserian: Wadau, nina kishamba chini ya Kona Baridi. Kushuka si neno, kazi ni kutoka. Kiangazi napanda bila shida. Juzi mvua imenyesha nusu saa tu, nikakwama katikati, magurudumu yanazunguka gari halisogei. Aliyeniuzia alisema linapanda digrii 45. Mbona limeshindwa na kamlima haka? Aliyepitia aseme.

Ruai Matope: 45 ni ukuta, ndugu. Ulidanganywa.

Mpima Barabara: Hakudanganywa. Yapo magari ambayo watengenezaji huandika digrii 45, yaani asilimia 100: kila mita moja mbele, unapanda mita moja juu. Lakini hapo ni mahali pakavu penye mshiko. Injini ikiwa na gia nzito, ile ya ziada inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu, ina nguvu ya kutosha. Kinachoisha kwanza ni mshiko wa tairi. Kwenye mwamba mkavu unaweza kufika digrii 35 hivi. Kwenye matope yanayoteleza, 17 tu tayari umekwama. Mlima ni uleule, mvua imebadilisha udongo.

Ruai Matope: Digrii, asilimia, mbona mnatuchanganya? Asilimia 100 ingekuwa wima kabisa.

Mpima Barabara: Wima kabisa haina asilimia. Chukua karatasi uchore, bwana.

Mpwa wa Kajiado: Acheni hesabu kidogo. Mmenikumbusha jambo ambalo huwa silisemi.

Nilikuwa nampelekea mjomba maji, tangi la lita 1,000 kwenye pikapu ya Land Cruiser, ile ya injini ya dizeli ya 1HZ isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi). Kwenye kisima palikuwa na foleni, nikachoka kusubiri, nikaondoka tangi likiwa nusu. Hapo ndipo nilipokosea, na sijajisamehe mpaka leo.

Mlima wenyewe tulikuwa tumeuzoea. Nikaingiza fowili, gia nzito, namba mbili, nikaanza. Katikati nikasikia maji yanahama, gubu! yote yakaegemea nyuma. Pua ya gari ikawa nyepesi na usukani ukalegea mkononi kama mwiko kwenye uji. Nakata kulia, gari linaenda linakotaka. Likaanza kuzima pale pale. Nikaingiwa na hofu, nikakanyaga klachi.

Nawaomba, msikanyage klachi. Injini ndiyo inayokushika, ukiikanyaga umeiachilia. Nikapiga breki, magurudumu yote manne yakasimama, lakini gari likazidi kurudi nyuma likiteleza. Kwenye kioo namwona mjomba. Alikuwa anafuata kwa miguu, jiwe kubwa kifuani, tayari kulitia chini ya tairi. Mzee wa miaka sabini. Nikapiga honi na kupiga mayowe kwa pamoja. Akajitupa kwenye kichaka cha leleshwa. Gari likapita palepale alipokuwa, likagonga ukingo, likasimama limeinama.

Nilipomfikia alikuwa bado amelikumbatia lile jiwe. Vidole vilikuwa vimekakamaa, ikabidi nivibandue kimoja kimoja.

Mama Wawili: Ee Mungu. Alipona?

Mpwa wa Kajiado: Alichubuka kiwiko tu. Tangu siku hiyo mlima ule anaupanda kwa miguu.

Mama Wawili: Mimi hushuka na watoto kila dereva anapoanza kupanda. Waseme naogopa. Naogopa.

Rongai Subaru: Pole sana kaka. Ila kwa muuliza swali: Subaru yangu imefika kwenye mitambo ya upepo Ngong mara nyingi. Si lazima Land Cruiser.

Tairi Nne: Hiyo ni barabara, ndugu yangu. Watu hufika kule na gari za kawaida.

Rongai Subaru: Ulikuwepo siku ya ukungu na utelezi? Magurudumu yote manne yanavuta. Unataka nini zaidi?

Tairi Nne: Nataka gia nzito, na yako haina. Kwenye mlima mkali unalazimika kukimbiza gari ili lisizime, na hapo ndipo unaporuka jiwe na kupasua sampu, bakuli la oili chini ya injini.

Utawala Pole Pole: Hata mimi nimefundishwa kukimbiza. Ukipunguza kasi kwenye matope umekwisha.

Tairi Nne: Kwenye matope, sawa, mwendo usikatike. Kwenye mawe, tambaa. Na punguza upepo wa tairi.

Mpwa wa Kajiado: Ukiwa na mzigo usipunguze ovyo, tairi itachomoka kwenye rimu. Punguza ukiwa mtupu.

Mpima Barabara: Kumbukeni pia hewa huwa nyepesi ukipanda juu. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hapa Nairobi tuko karibu 1,700, milima ya Aberdare unapita 3,000. Gari lililopanda vizuri Mombasa, kule juu litalalamika.

Mwitu: Waliowahi kwenda Rhino Charge, lile shindano lililoanza 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare, wameona: mtu hukimbia kwa miguu mbele ya gari akitafuta njia. Na ni magari yaliyotengenezwa hasa kwa kazi hiyo! Shuka utembee huo mlima kwanza. Mguu wako ukiteleza, tairi nayo itateleza.

Wa Kiserian: Asanteni. Mpwa, gari likishindwa katikati nifanye nini?

Mpwa wa Kajiado: Shikilia breki, vuta hendibreki. Hakikisha hakuna mtu nyuma, nakuomba sana. Ingiza rivasi ya gia nzito, achilia klachi yote kabla ya kuachia breki, kisha rudi ulikotoka, moja kwa moja. Usijaribu kugeuza. Gari likikaa ubavu mlimani linabingirika.

Wa Kiserian: Nimeelewa. Nitachimba mtaro wa maji kwanza, na lori la mawe linakuja Jumamosi. Mvua ikinyesha, gari linabaki kwenye lami, tutashuka kwa miguu.

Rongai Subaru: Mawe unatoa wapi, na lori moja bei gani? Nina kona inanisumbua.