Tupeane uzoefu: wenye Yaesu FT-817 na FT-818, mnazitumiaje huku kwetu?

Mpwani Halisi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila mwezi anatokea mtu kuulizia hizi redio ndogo za ridhaa (amateur radio) za bendi nyingi, na majibu anayopewa mengi yamenakiliwa kwenye vipeperushi vya dukani. Leo naomba wenye nazo mkononi waseme: unaiwasha kwa nini, antena gani, umefika wapi, nini kinakuudhi. Wa "nimesikia" wakae pembeni kwanza.

Naanza mimi. Yangu ni FT-818, ile iliyotoka 2018. Kwa wasioijua, ni kasha la milimita 135 kwa 38 kwa 165, halifiki kilo moja bila betri, lakini ndani yake kuna bendi za HF (mawimbi mafupi), mita 6, mita 2 na sentimita 70, kwa SSB (sauti), CW (Morse), AM na FM. Nguvu yake ya juu ni wati 6. Mtangulizi wake, FT-817, ni yule yule kwa sura na kwa vitufe, ila anaishia wati 5.

Mimi naishi Pangani. Mjini kwangu bendi ya mita 40 (megahezi 7) haifai, mita ya nguvu ya mawimbi imesimama S8 kutwa nzima kwa kelele za taa na chaja. Kwa hiyo redio hainifai kitu sebuleni, naibeba pwani. Ufito wa faiba wa kuvulia samaki, waya wa mita mbili na nusu umesimama wima kwa ajili ya mita 10, waya nne nyingine nimezilaza juu ya mchanga wenye unyevu. Hiyo ndiyo antena yote.

Mambo yanakuwa mazuri siku za bamvua. Maji yakijaa yanakuja mpaka karibu na shina la ufito, na hapo ripoti kwenye PSK Reporter, ramani ya mtandaoni ya nani amekusikia, zinabadilika mbele ya macho yangu. Kituo kile kile cha Ulaya kilichokuwa kinanisikia kwa taabu maji yalipokuwa yamekupwa, sasa kinanisikia vizuri. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko udongo wowote, na antena ya wima ikiwa ukingoni mwake inarusha mawimbi chini chini kuelekea upeo wa bahari badala ya kuyapoteza ardhini. Japan nimefika kwa wati 5 kwa FT8 (ujumbe mfupi unaotumwa kwa kompyuta) kwenye megahezi 28.074. Siku za maji mafu sijisumbui kwenda.

Kero: redio hii haina kadi ya sauti ndani. Ukitaka FT8 unanunua kiunganishi cha pembeni, waya mmoja unaingia tundu la DATA nyuma, mwingine ACC, mwingine kompyuta. Mchangani hapo unajikuta na waya nyingi kuliko redio yenyewe.

Msikilizaji_tu

Nafuatilia kwa karibu. Endeleeni wakuu.

Kijana wa Voi

Salama wadau. Hapo kwa kelele Mpwani amenigusa.

Yangu ni 817 mtumba, nilinunua kwa jamaa aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Duka moja liliniuzia pawa saplai, ukiichomeka tu bendi yote ya mita 40 inageuka mvua. Nikaiweka kando, nikanunua betri ya lithiamu fosfeti ya volti 12.8, na paneli ndogo ya sola ya kuichaji. Redio yenyewe inakubali kuanzia volti 8 mpaka 16, kwa hiyo betri hiyo haiipi shida hata ikiwa imejaa. Ila wakati wa kusikiliza mimi huchomoa paneli, kwa sababu ile kontrola ya sola nayo inapiga kelele.

Basi nyumbani nikazima swichi kubwa, kelele bado zipo. Hapo ndipo nilipoipenda hii redio. Ina tundu la antena mbele na lingine nyuma, na betri yake ndani. Nikaweka antena fupi ya kuvuta pale mbele, nikaiseti AM kwenye megahezi 7, nikaivaa begani kwa mkanda wake, nikaanza kutembea kando ya ua. Ukisogea huku inapungua, ukisogea kule inanguruma. Ilinipeleka moja kwa moja mpaka adapta ya kamera za usalama za jirani, imefungwa ukutani chini ya paa. Nilimwomba aichomoe kidogo tu, na bendi ikanyamaza hapo hapo. Nikamnunulia adapta nyingine kwa pesa yangu, na waya za kamera nikazipitisha kwenye pete za feraiti za kuzuia kelele. Jirani hajui redio ni nini, lakini siku hizi akinunua taa mpya ananiita kwanza nije "kuipima".

Redio ya wati 100 iliyofungwa ndani ya gari haingenifanyia hivyo.

Fundi Lehemu

@Kijana wa Voi hizo pete umezungushia waya mara ngapi? Nikipitisha mara moja tu sioni tofauti.

Kijana wa Voi

@Fundi Lehemu zungusha mpaka tundu lijae. Mara moja kwa mita 40 ni kama hujafanya kitu.

Mzee wa Melini

Wanangu, hamjambo. Mimi nipo Mombasa, zamani nilikuwa afisa wa redio melini, tukisikiliza kilohezi 500 usiku kucha, mpaka mfumo mpya wa usalama wa baharini ulipoanza rasmi mwaka 1999 na Morse ikawekwa kando. Mjukuu wangu ndiye aliyeniletea hii 817. Maandishi yake madogo mno kwa macho yangu, lakini taa ya kioo inabadilika rangi, nimeiweka ile ya kahawia, naona afadhali. Menyu zake zaidi ya hamsini nimezifungua mara ya kwanza tu. Sasa nagusa nguvu, bendi, na kitufe cha Morse, basi.

Nawaambia kitu ambacho vijana wengi hawakitumii. Kabla ya kulaumu redio kuwa ina nguvu ndogo, nenda megahezi 14.100 ukasikilize. Kuna vituo 18 duniani vinavyopokezana kwenye masafa hayo, kila kimoja sekunde 10, na mzunguko mzima ni dakika 3. Kimoja ni cha kwetu hapa Kenya, 5Z4B. Kila kituo kinapiga jina lake kwa Morse, maneno 22 kwa dakika, kisha milio minne mirefu. Mlio wa kwanza ni wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne sehemu moja ya kumi ya wati.

Jioni nikikaa barazani nasikiliza ZS6DN wa Afrika Kusini na 4S7B wa Sri Lanka. Siku mlio wa tatu unaponifikia vizuri, sina haja ya kumuuliza mtu kama wati zangu 5 zitafika. Mlio wa mwenzangu umefika kwa wati 1! Na siku nasikia wa kwanza peke yake, nafunga redio nanywa kahawa. Ukimaliza 14.100, fanya hivyo hivyo kwenye 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200.

Kwa anayependa Morse, atafute ile chujio nyembamba ya hezi 500 ya kuongezea ndani. Bila hiyo unasikia vituo vingi kwa pamoja. Masikio yangu yamezoea meli nyingi kuita kwa wakati mmoja, sijaona haja nayo, lakini anayeanza atateseka.

Mpwani Halisi

Shikamoo mzee wangu. Hii ya milio minne nilikuwa naisikia nikidhani ni mtu anajaribu mitambo. Asante sana.

Mzee wa Melini

Marahaba.

Mwalimu wa Fizikia

Mimi upande wa HF siugusi sana. Nafundisha sekondari, na FT-818 yetu kazi yake kubwa ni mita 2 na sentimita 70, kusikiliza kituo cha anga cha kimataifa kinapopita juu yetu.

Tunaiweka 145.800 FM. Hata antena ya mkononi inatosha kupokea, kituo kile kiko kilomita kama 400 tu juu kikipita utosini. Pito zuri ni dakika kama 10. Wakati wanarusha picha kwa njia ya sauti, mwanafunzi mmoja anashika redio, mwingine anasogeza simu yenye programu ya Robot36 karibu na spika, na picha inajichora mstari kwa mstari kwa dakika mbili. Darasa zima linabanana juu ya simu moja! Nimefundisha mada ya mawimbi miaka mingi, sijawahi kupata ukimya kama huo.

Jambo la kuzingatia ni Dopla. Kikiwa kinakuja, masafa yanapanda, kwa hiyo naanza 145.805 hivi, kinapopita juu narudi 145.800, kikiondoka nashuka chini yake. Wanafunzi wanaona kwa macho yao kitu ninachowachorea ubaoni kwa mfano wa king'ora cha gari la wagonjwa.

Ripita ya kule juu (mtambo unaopokea sauti na kuirusha tena) pia tumeijaribu, kwa leseni yangu: unarusha 145.990 na toni ya hezi 67, unasikiliza 437.800. Redio inakuruhusu kuweka masafa mawili tofauti, ila haisikii wakati inarusha, kwa hiyo hujui kama umefika mpaka uachie kitufe. Upande wa kusikiliza, kwenye 437, Dopla inasumbua zaidi, inakwenda mpaka kilohezi 10 kila upande. Ukisahau kuzungusha, unakosa jibu.

Sina Maneno Mengi

Mnaisifia sana. Mimi nilikuwa nayo, nimeiuza. Kwa sauti ya SSB, wati 5 unaita mpaka koo linakauka, jamaa wa wati 1,000 wanakupita juu. Haina tyuna (ya kulinganisha antena na redio) ndani, haina cha kuikuza sauti ya maiki, haina skrini ya kukuonyesha bendi nzima nani yuko wapi. Nikachukua Xiegu G90: wati 20, tyuna imo ndani, skrini ya rangi imo, kichwa kinachomoka. Hata kipande cha waya nimetupia juu ya mwembe inakipokea. Mita 2 haina, sawa, lakini mita 2 nina redio ya mkononi.

Kijana wa Voi

@Sina Maneno Mengi umesema kweli kwa tyuna na skrini, hapo sibishani. Lakini kwa wati piga hesabu. Kutoka 5 kwenda 20 ni desibeli 6, yaani alama moja ya S kwenye mita ya anayekusikiliza. Hata ukienda 100 ni desibeli 13, alama mbili na kidogo. Kelele za kwangu zilikuwa zinanila zaidi ya hizo alama zote, na kuziondoa kumenigharimu adapta moja.

Sina Maneno Mengi

Hiyo alama moja ya S ndiyo inayoamua kama jamaa anakujibu au anampita mtu wa wati 5. Hesabu yako ni ya karatasi.

Mwalimu wa Fizikia

Wote mko sawa. Kwa FT8 na Morse alama moja huioni. Kwa sauti, bendi ikiwa imejaa watu, unaiona sana.

Bint Unguja

Assalaam alaykum jamani. Mimi Mzanzibari, nipo Maskati na mume wangu, wote tuna leseni za hapa Oman. Huku redio inaheshimika kwelikweli, marehemu Sultan Qaboos mwenyewe alikuwa na alama yake ya wito, A41AA.

818 yetu tunakwenda nayo jangwani wikiendi. Adui wetu ni joto. Kasha zima ndilo linalopoza mitambo, hakuna feni, na FT8 inarusha karibu sekunde 13 katika kila 30. Mchana wa mwezi wa sita hulishiki kwa mkono. Tunashusha nguvu mpaka wati 2.5, tunaiweka kivulini juu ya bati la alumini, na hatuiachi ndani ya gari hata kwa dakika za kwenda dukani. Betri yake ya ndani tumeichomoa, joto linaiua, na hata ikiwa mpya ya mAh 1900 haifiki mbali, maana redio inakula karibu nusu ampea kwa kusikiliza tu.

Nyumbani Unguja ni kama kilomita 3,900 kutoka hapa. Mita 20 alasiri inakwenda moja kwa moja, sauti safi, wati 6, antena ya daipoli yenye urefu wa mita 10 imefungwa juu ya miti miwili ya mghafu. Kaka yangu kule akinijibu, wifi zangu wote wanapokonyana maiki mpaka namkumbusha kwamba mwenye leseni ni yeye.

Ushauri kwa wanaosafiri: beba nakala ya leseni na risiti ya redio pamoja na redio yenyewe, kwenye mkoba wa mkononi. Kuna uwanja mmoja wa ndege walitukalisha saa nzima wakiuliza hiki ni kitu gani. Karatasi ndizo zilizotutoa.

Msikilizaji_tu

Swali la kizembe kidogo: mimi nipo Morogoro, leseni naanzia wapi? Na mtumba wa 817 niangalie nini kabla ya kutoa pesa?

Mpwani Halisi

@Msikilizaji_tu Tanzania leseni inatoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kwa ndugu zetu wa Kenya ni CA, mamlaka yao ya mawasiliano, na chama chao ARSK kinawasaidia wanaoanza. Shika leseni kwanza, redio ya kurushia baadaye.

Mtumba: nenda na mzigo bandia wa ohm 50 (dummy load, unaochomekwa badala ya antena) na mita ya wati. Jaribu kila bendi moja moja, usikubali kuonyeshwa mita 2 peke yake. Pima nguvu kwa tundu la mbele na la nyuma, maana unachagua kwenye menyu bendi ipi itoke tundu gani. Halafu chungulia tundu la umeme nyuma: ni dogo, likiwa linalegea redio itazima kila ukigusa waya. Kama imekaa pwani, tazama skrubu. Zikiwa na kutu, muulize anayeuza alikuwa anaihifadhi wapi.

Bint Unguja

Tusikilizane basi, wenye leseni. Ijumaa, 14.285, saa 12 jioni ya Afrika Mashariki, huku kwetu saa 1 usiku. Hayo ndiyo masafa wanayokutania wenye nguvu ndogo, hamtaonekana vichekesho na wati zenu.

Sina Maneno Mengi

Na wati 20 tunaruhusiwa?

Bint Unguja

Shusha ziwe 5 kama wenzio.

Mzee wa Melini

Mkikosana kwa sauti, shukeni 14.060. Nitakuwepo. Pigeni polepole, msijifanye mnakimbizwa.