Seti ya runi ya kujitengenezea: vijiti, visahani vya tawi, udongo au mfupa?

MamaNeema_Bergen
Habari zenu wapendwa. Jumamosi nilimpeleka binti yangu Bryggens Museum, akaganda mbele ya vijiti vilivyochongwa runi, zile herufi za kale za watu wa Skandinavia. Vilifukuliwa baada ya moto wa 1955 kuteketeza sehemu ya Bryggen, mtaa wa kale wa bandarini hapa Bergen, Norway. Kimoja kinasema: "Gyda anasema urudi nyumbani." Neema alicheka sana, maana ni maneno ninayomtuma akamwambie baba yake kila siku. Sasa anataka tuchonge seti yetu, herufi 24. Nina kisu, msumeno mdogo na msasa. Wengi naona wanatumia visahani vya tawi. Nyie mngechagua nini?

FundiMbao
Dada, visahani achana navyo. Vinapendeza kwenye picha, lakini tawi bichi ukilikata kama unavyokata muhogo, kila kipande kikikauka husinyaa zaidi kuzunguka duara kuliko kuelekea kiini. Lazima kitafute pa kupasukia, na mara nyingi ni katikati ya herufi yako.

Chukua tawi nene kama kidole gumba, lipasue kwa urefu, sawazisha upande mmoja uwe bapa, kisha kata vijiti vya sentimita 4 au 5. Halafu zitazame hizo herufi vizuri: mistari imesimama au imeinama, wa kulala karibu hakuna. Kijiti kikiwa kimelazwa, mstari wa kulala ungefuata nyuzi za mbao, ukapotelea humo au ukakipasua kijiti. Aliyezibuni alikuwa na kisu na mti mkononi! Kwenye kisahani unachonga sehemu nyuzi zilipokatwa, na maana yote hiyo inapotea.

Kila mstari ni mikato miwili ya mshazari inayokutana chini. Ubanzi unatoka wenyewe. Chonga mti ukiwa mbichi bado, kausha kivulini wiki kadhaa, piga msasa, paka mafuta ya kitani. Kitambaa cha mafuta kitandaze nje kikauke. Ukikikunjakunja kinaweza kushika moto chenyewe.

Mfinyanzi_Tanga
Kisu na mtoto, mimi moyo unanidunda. Udongo wa mfinyanzi anachora kwa kijiti tu, akikosea anaufinyanga upya. Acha unene wa nusu sentimita, ukauke taratibu kabla ya kuchoma. Shida ni tanuri. Udongo usiochomwa ukilowa unarudi tope.

Juma_K
Mfupa nimewahi kuuchonga. Unadumu, unang'aa, ila vumbi lake ni baya kwa mapafu na harufu inajaa nyumba. Si kazi ya mezani na mtoto.

Babu_Uppsala
Mama Neema, vijiti vya Bergen ni vya zama za kati, na mpangilio wake si ule wa herufi 24. Zile 24 ni za zamani zaidi. Jiwe la Kylver, lililopatikana kisiwa cha Gotland hapa Sweden, lina safu yake nzima, la mwaka 400 hivi. Baadaye zilipunguzwa zikabaki 16. Amua kwanza unachonga zipi, usichanganye. Seti za dukani huwa na kipande cha 25 kitupu; hicho kilizuka miaka ya 1980.

Namuunga mkono FundiMbao. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, mwaka 98 aliandika kwamba Wajerumani wa kale wakipiga ramli walikata tawi la mti wenye matunda, wakalipasua vijiti, wakavitia alama na kuvitawanya juu ya kitambaa cheupe. Kwamba alama hizo zilikuwa runi, hakusema.

MamaNeema_Bergen
Shikamoo Babu, asanteni wote. Tumechukua zile 24. Jirani alikuwa anapogoa hassel yake, mti wa njugu, akatupa matawi mawili. Kisu nashika mimi, Neema anachora kwa penseli. Tumeanza na N yake: mstari uliosimama na mwingine mfupi wa mshazari unaoukata. Fundi, ubanzi umetoka wenyewe kweli. Wa pili niliulaza kidogo, kijiti kikapasuka.

FundiMbao
Uinamishe zaidi, dada. Na kisu kinoe kila baada ya vijiti vitatu.