Zulia la mabaki ya vitenge linainuka pembeni kama ungo, naombeni msaada

Mama Pacha:
Habari zenu wapendwa. Mimi ni fundi cherehani niko Mbagala, nashona zaidi vitenge na sare za shule kwa hiyo mabaki ninayo mengi, viroba vimejaa chini ya meza mpaka mwenye fremu ananiuliza hii ni ofisi au stoo. Nikaona badala ya kuyachoma au kuwapa wanaojazia mito bora nitengeneze mazulia, ya mlangoni na ya kukanyagia ukishuka kitandani. Nachana vipande, naviunga, nasuka msuko wa tatu, halafu nauzungusha nashonea kwa mkono kutoka katikati kwenda nje.

Sasa likiwa dogo linatulia vizuri, ila likifika ukubwa wa sinia kingo zinaanza kunyanyuka. Ukiliweka chini katikati limegusa sakafu pembeni liko hewani. Nimepiga pasi wapi, nimelilaza chini ya godoro usiku kucha asubuhi likitoka linarudi vilevile. Halafu vitenge vinatoa nyuzi balaa, ukishika tu mkono umejaa nyuzi. Na kuna mteja anataka la umbo la yai futi 3 kwa 2, hapo ndo sijui pa kuanzia kabisa maana kila nikianza linatoka duara. Wenye uzoefu nisaidieni jamani, sitaki kumpelekea mtu zulia la kumkwaza mlangoni kwake.

Fundi Tandika:
Dada pole, pasi haitasaidia hapo. Shida ipo kwenye kushonea. Mzunguko wa nje siku zote ni mrefu kuliko wa ndani, sasa wewe ukishona kitanzi kwa kitanzi (vile vipinde vya pembeni mwa msuko) maana yake unaulazimisha wa nje ulingane na wa ndani, lazima upande juu, hauna pa kwenda. Fanya hivi, unapozunguka kwenye mviringo, kila baada ya vitanzi kadhaa ruka kitanzi kimoja cha ule msuko MPYA, sio cha zulia. Ule msuko mpya unapata ulegevu kidogo unalala chini. Karibu na katikati utaruka mara nyingi, ukienda nje unapunguza kwa sababu mviringo unazidi kunyooka. Ukizidisha napo litakuja na mawimbi kwa hiyo usiruke ovyo.

Na tafadhali usishonee mapajani!! Shonea juu ya meza au sakafuni zulia likiwa limelala. Kila ukimaliza mzunguko pitisha kiganja kote, ukisikia kuna sehemu inadunda fumua mzunguko huohuo kabla hujaongeza mwingine, maana ukishapita miwili mitatu tabu yake ni kubwa.

Bi Ukindu:
Mwanangu naongezea hapo kwa fundi. Sisi Pemba twasuka kili, ile misuko mirefu ya mikeka, tangu utotoni na hilo zulia lako ni ndugu wa mkeka, umesuka halafu washona ubavu kwa ubavu. Tazama chane zako kwanza, hivyo vipande ulivyochana. Chane moja ikiwa nene na mwenziwe nyembamba msuko huenda upande na hapana sindano itakayounyoosha. Zilinganishe upana kabla ya kusuka na mkono uwe mmoja, usikaze asubuhi ukalegeza jioni ukichoka.

Kushonea tafuta shazia, ile sindano nene ya mikeka, na uzi wa nailoni, hizi sindano za nguo zitakuvunjikia. Uzi uvute mpaka misuko igusane basi, usiikabe. Na mwisho pembeni litilie taraza, ukanda wa kitambaa cha rangi moja, hapo hata la matambara litapendeza likaonekana limetoka kwa mtu mwenye mikono.

mitumba_queen254:
Sasa mum, pole na kazi. Zile vipande ndogo ndogo zenye haziwezi sukwa usitupe. Huku Nairobi tunachukua gunia ya katani, tunaiosha, tunaikaza kwa fremu ya mbao, tunakata vitambaa kama inchi 1 kwa 3 alafu unatoboa na kitu iko na ncha unaingiza hapa unatoa pale karibu, ncha zote mbili zinabaki juu. Ukipanga karibu karibu inashikana yenyewe, inakuwa na manyoya poa sana. Tishati za mitumba ndio best juu hazitoi nyuzi. Gunia ya plastiki achana nayo, ukitoboa inapasuka tu.

Mama Pacha:
Asanteni sana sana, nimefumua jana usiku nikarudia kwa kuruka vitanzi na hadi sasa limelala jamani, nimeliangalia asubuhi nikafurahi peke yangu. Bi Ukindu shikamoo, shazia nitaitafuta Kariakoo. Sasa niambieni la umbo la yai na hizi nyuzi.

Fundi Tandika:
Umbo la yai ni hesabu ndogo tu. Chukua urefu toa upana, 3 toa 2 unabaki na futi 1. Msuko wa kwanza unyooshe futi 1, kisha ukunje urudi ubavuni mwake na uendelee kuzunguka. Kila mzunguko unaongeza urefu na upana sawasawa ndo maana ile tofauti ya futi 1 inabaki palepale hadi mwisho. Kuruka vitanzi ni kwenye ncha mbili tu, pande zilizonyooka shona kitanzi kwa kitanzi.

Nyuzi sasa. Kitenge cha pamba usikate kwa mkasi, tia alama kidogo halafu chana kwa mkono kitafuata uzi chenyewe kinyooke. Chana inchi 2, kunja kingo zote mbili ziingie ndani, kunja tena katikati, piga pasi, ndo usuke. Kingo zinazotoa nyuzi zinakuwa zimefichwa humo. Kuunga shona mshazari, usiunge wima maana panatokea nundu, na viungo vya chane tatu visikutane sehemu moja. Na andaa chane ndefu, kusuka kunakula, chane ya mita 3 inakupa msuko wa mita 2 hivi.

Shangazi wa Moro:
Kuna kitu hamjamwambia na ndo kitamletea lawama kwa mteja. Ametaja sare za shule. Dada ile tetroni, kitambaa cha sare chenye polista, usiichanganye na kitenge kwenye zulia moja, pamba ikifuliwa inarudi tetroni hairudi, zulia linavutana upya na kazi yote imeharibika. Tetroni tengeneza peke yake. Na vitenge vyote vifue kabla ya kuchana, loweka kila rangi kwenye beseni lake hasa nyekundu na nyeusi, rudia mpaka maji yatoke meupe.

Mwambie mteja asilianike kwenye kamba likiwa limelowa, uzito wa maji unalivuta, alilaze juani na kuligeuza. Masika ndo usiseme, msuko mnene haukauki haraka unaanza kunuka uvundo.

mbongo_Göteborg:
Huku Sweden mazulia ya matambara ni kitu cha kawaida majumbani ila wao wanayafuma kwenye kitanda cha mfumi, mtande, nyuzi za urefu, ni uzi wa pamba na mshindio unaokatiza ndo matambara yenyewe. Hayazunguki kwa hiyo hiyo shida ya kunyanyuka haipo. Ukipata fremu ya mbao ukapiga misumari juu na chini unaweza kujaribu dogo, linafaa kwa chane fupi ambazo hazifai kusuka.

Shangazi wa Moro:
Muulize mteja pia kama kwake ana vigae. Kama ni vigae shonea chini vipande vya tyubu ya baiskeli, zulia la kitambaa kwenye kigae chenye maji linateleza vibaya sana, kuna wazee humo ndani.

Mama Pacha:
Anavyo, asante umeniokoa. Tyubu nitaomba kwa fundi baiskeli hapa jirani. La mwisho, bei. Yeye ananilinganishia na zile za plastiki za dukani.

Fundi Tandika:
Usikubali. Kitambaa hujanunua lakini kufua, kuchana, kupasi, kusuka, kushonea na kufumua vyote ni muda wako ambao ungeshona nguo ya mtu. Angalia kwa siku nzima ya kushona unaingiza bei gani, piga kwa siku ambazo zulia limekula, ongeza uzi na tyubu.  Na chukua nusu ya hela kabla hujaanza kuchana.