Sheria za shirikisho la Marekani ni kuu, mbona majimbo hayazitekelezi?

Mdadisi

Wanajamvi, naomba ufafanuzi. Ibara ya Sita ya Katiba ya Marekani inasema kwamba Katiba hiyo, pamoja na sheria za shirikisho zinazotungwa kwa kuifuata, ndizo sheria kuu za nchi, na kwamba majaji wa kila jimbo wanafungwa nazo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 ilipiga marufuku bangi. Hata hivyo, wapiga kura wa California waliiruhusu kwa matibabu mwaka 1996, na wale wa Colorado wakairuhusu hata kwa starehe mwaka 2012. Je, ukuu huo ni wa maandishi tu, au majimbo yameasi na serikali ya shirikisho imeamua kufumba macho?

Mwalimu wa Uraia

Ndugu Mdadisi, hakuna uasi hapo. Mwaka 2005, katika kesi ya Gonzales dhidi ya Raich, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba Kongresi inaweza kukataza hata bangi ambayo mgonjwa ameilima nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe, kwa kuwa ina mamlaka ya kusimamia biashara baina ya majimbo. Kwa mujibu wa uamuzi huo, ruhusa ya jimbo haimkingi mtu dhidi ya maofisa wa shirikisho. Wasichoweza maofisa hao ni kuwaamuru polisi wa jimbo wawafanyie kazi hiyo. Colorado haikuibatilisha sheria ya shirikisho. Ilifuta adhabu zilizokuwa katika sheria zake yenyewe.

Chanzo cha tofauti hiyo ni makubaliano ya kwanza ya shirikisho, yaliyoanza kutumika mwaka 1781. Chini yake Kongresi haikuweza kumtoza raia kodi. Iliyaomba majimbo 13 michango, nayo yalitoa yalipopenda. Hata pendekezo la ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za nje lilikwama, kwa sababu lilihitaji ridhaa ya majimbo yote na Rhode Island ikakataa. Wajumbe waliokutana Philadelphia mwaka 1787 waliachana na utaratibu wa kuyaagiza majimbo, wakaipa serikali ya shirikisho uwezo wa kumfikia raia moja kwa moja kwa kodi zake, mahakama zake na maofisa wake. Watu husahau kwamba hatua hiyo, iliyoipa nguvu serikali ya shirikisho, ndiyo pia iliyoyaondolea majimbo kazi ya kuwa watumishi wake.

Hoja hiyo ilitumika mwaka 1997 katika kesi ya Printz. Sheria ya mwaka 1993 iliwataka wakuu wa polisi wa maeneo wachunguze historia ya wanunuzi wa bastola. Masherifu wawili, mmoja wa Montana na mwingine wa Arizona, walipinga, na Mahakama ikawapa haki kwa kura 5 dhidi ya 4.

Karani wa Bajeti

Maelezo ya Mwalimu ni sahihi kisheria, lakini yanayapa majimbo uhuru mkubwa kuliko walio nao, kwani asiyeweza kuamuru anaweza kulipa. Mwaka 1984 Kongresi haikuweka yenyewe umri wa kununua pombe. Ilisema tu kwamba jimbo litakaloruhusu walio chini ya miaka 21 litakatwa sehemu ya fedha zake za barabara kuu. South Dakota ilishtaki na kushindwa mwaka 1987, kwa kuwa kiasi kilichotishiwa, asilimia 5, kilionekana kuwa kishawishi na si shuruti. Mwaka 2012, katika kesi ya sheria ya bima ya afya, Mahakama iliona kwamba kutishia kuyanyima majimbo fedha zote za matibabu ya maskini kumevuka mpaka. Mpaka wenyewe uko wapi kati ya hayo mawili, Mahakama haikusema, na kwa maoni yangu ilikwepa kwa makusudi.

Mdadisi

Nashukuru nyote. Mbona basi Arkansas haikuachwa ikatae kuchanganya wanafunzi weusi na weupe mwaka 1957?

Mwalimu wa Uraia

Kwa sababu pale jimbo halikuwa likikaa kando. Gavana Orval Faubus alitumia Ulinzi wa Taifa wa jimbo kuwazuia wanafunzi tisa weusi kuingia katika shule ya Little Rock, ilhali Marekebisho ya Kumi na Nne ya mwaka 1868 yanalikataza jimbo lenyewe kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Rais Eisenhower alikiweka kikosi hicho chini ya amri yake na kutuma askari wa jeshi, na mwaka 1958, katika kesi ya Cooper dhidi ya Aaron, majaji wote tisa walisisitiza kwamba magavana na mabunge ya majimbo wanafungwa na tafsiri ya Mahakama hiyo. Jimbo linaweza kukataa kuisaidia serikali ya shirikisho, lakini haliwezi kumnyang'anya mtu haki aliyopewa na Katiba.